Figo ya mzazi: namna ya kutafuta fedha za kupandikiza, kutoka kwa mtu aliyeshika daftari

Daftari ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada gumu, kona zimeshachakaa. Juu nimeandika: Matibabu ya Mama. Mstari wa kwanza ni wa jirani yetu anayeuza maandazi, 5,000. Mstari wa mwisho ni risiti ya vidonge. Kati ya mistari hiyo miwili ilipita miezi kumi na minne, na mweka hazina nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa kwa uaminifu. Nilichelewa kufika kwenye kikao cha familia, na kwetu anayechelewa ndiye anayepewa kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye majuzi kaambiwa figo za mama yake au baba yake zimefeli. Najua utakachotaka kufanya, kwa sababu na sisi tulikifanya: picha ya mgonjwa kitandani, namba ya simu ya kutumia hela, na maneno "ndugu zangu naombeni msaada wa hali na mali". Tulipata fedha za kusafisha damu wiki mbili, kisha kimya. Tulikuwa tumeomba kabla ya kujua tunaomba nini, shilingi ngapi, na mpaka lini. Watu huchangia mara moja wakiwa na uchungu. Ukirudi mara ya pili bila maelezo, wanakusoma na kupita.

Kutuma namba ya simu ni hatua ya karibu na mwisho. Kabla yake kuna karatasi, nyingi.

Hatua ya kwanza: jua kama mzazi atapandikizwa kweli

Usichangishe fedha za kupandikiza kabla daktari bingwa wa figo hajasema mgonjwa anafaa kupandikizwa. Moyo ukiwa dhaifu sana, au kukiwa na saratani au maambukizi yasiyodhibitiwa, daktari anaweza kushauri aendelee na mashine ya kusafisha damu. Hapo ombi lako kwa watu linakuwa jingine kabisa.

Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kwa mwaka ni vikao 156. Kupandikiza ni upasuaji mmoja wenye bili kubwa, halafu dawa za kila siku maisha yote. Watu wakikuuliza kwa nini msiendelee na mashine tu, ambayo inaonekana rahisi, wape hesabu hiyo ya 156.

Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Bado utakutana na watu watakaokuambia "mpelekeni India" kabla hawajamaliza kukupa pole. Anzeni hapa nyumbani.

Figo kwetu hutoka kwa ndugu aliye hai. Hatuna foleni ya figo za marehemu kama ya Ulaya na Marekani. Mtoaji awe mtu mzima, mwenye afya, asiye na kisukari, na kundi lake la damu likubaliane na la mgonjwa: mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote. Chanya na hasi hazina neno hapa. Kisha kuna kipimo ambacho damu ya mgonjwa hukutanishwa na chembe za mtoaji kuona kama zinapigana. Undugu wenyewe huthibitishwa kwa vinasaba katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na barua ya kupeleka sampuli hutoka hospitalini. Hauendi mwenyewe kaunta.

Neno moja kuhusu mtoaji, kwa sababu hapa ndipo familia huvunjika. Msimshinikize mtu kwenye kikao. Kila anayepimwa aonane na daktari peke yake, na akisema hataki, daktari anaweza kuwaambia ninyi kwamba hafai tu, yakaishia hapo. Kwetu wanne walipimwa na mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyekubaliwa. Mpaka leo sijui kama wale watatu wote walikataliwa na vipimo, na sijauliza.

Kuna watu watawapigia simu wakisema wana mtu wa kuuza figo. Kateni. Ni kosa la jinai, na hospitali ikigundua undugu ni wa kutengeneza, mlango unafungwa hata kwa ndugu halali.

Hatua ya pili: proforma

Nilipeleka barua yetu ya kwanza kwenye ofisi moja kubwa ambako marehemu baba aliwahi kufanya kazi ya udereva. Ilikuwa barua nzuri, ya kusikitisha. Dada wa mapokezi aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma, akaniangalia. "Proforma iko wapi?" Sikujua neno lenyewe. Kiasi nilichoandika niliambiwa kwa mdomo na nesi mmoja kwenye korido, na kumbe kilikuwa cha upasuaji tu. Niliporudi na karatasi sahihi zilikuwa zimepita wiki sita, na bajeti yao ya misaada ya robo ile ilikuwa imekwisha.

Proforma ni hati ya makadirio ya gharama inayotolewa na hospitali, ina kichwa cha hospitali, mhuri, tarehe na mchanganuo. Ofisi, SACCOS, parokia, msikiti, mbunge, wote wataitaka. Omba nakala halisi mbili na ubaki na moja. Angalia kama ina vipimo vya mtoaji, siku za kulazwa za wote wawili, na dawa za mwezi wa kwanza. Mara nyingi moja kati ya hayo haimo.

Pamoja nayo utahitaji maelezo ya daktari yaliyosainiwa, nakala za vitambulisho vya NIDA vya mgonjwa na wa anayeomba, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonesha kwamba huyo ni mzazi wako kweli. Changanua zote kwa simu, ziweke kwenye faili moja. Utazituma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya tatu: hesabu yote, pamoja na isiyo ya hospitali

Kwenye daftari letu, karibu shilingi 40 katika kila 100 tulizotumia hazikwenda hospitalini. Hilo ndilo lililotuumiza, kwa sababu hakuna aliyelichangia. Fanya hesabu ya mambo haya, kila moja na mstari wake:

- kusafisha damu mpaka siku ya upasuaji. Tuseme kikao ni 200,000: wiki ni 600,000, mwezi wa wiki nne ni 2,400,000. Vipimo vikichelewa miezi mitatu, ni zaidi ya milioni 7 ambazo hazimo kwenye proforma;
- sindano za kuongeza damu na dawa za presha;
- vipimo vya kila ndugu anayejitolea, hata atakayekataliwa;
- nauli, na chumba karibu na hospitali kama mnatoka mkoani;
- kipato cha mtoaji, ambaye hatainua kitu kizito kwa wiki kadhaa. Mdogo wetu ni fundi ujenzi. Tulimlipia kodi ya nyumba na chakula cha wanawe miezi mitatu. Huku si kununua figo, ni kuhakikisha hapotezi nyumba kwa kumsaidia mama yake;
- dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, angalau miezi sita ya mwanzo;
- kliniki, ambazo miezi mitatu ya kwanza ni za mara kwa mara, pamoja na kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu.

Kuhusu damu: mgonjwa akiongezewa damu mara kwa mara, mwili wake hutengeneza kinga zinazoweza kuja kuipiga figo ya ndugu. Kila anaposhauriwa kuongezewa, mkumbusheni daktari kwamba mna mpango wa kupandikiza. Sindano za kuongeza damu ni ghali, lakini kurudia kutafuta mtoaji ni ghali zaidi.

Hatua ya nne: bima na ustawi wa jamii, kabla ya mtu mwingine yeyote

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo iliyotusaidia kuliko michango yote.

Anza na kuuliza kila mtoto na kila mkwe: nani anakatwa NHIF, bima ya afya ya Taifa, kazini? Mtumishi anayekatwa anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi na wakwe wanaingia kwenye wanne hao. Dada yetu ni mwalimu. Alikuwa na watoto wawili tu kwenye kadi. Nafasi mbili zilikaa wazi miaka sita, mama akawa analipa dawa za presha taslimu. Hakuna aliyefikiria. Halafu tulipotaka kumwandikisha, jina la mama kwenye cheti cha dada lilikuwa na herufi moja zaidi ya lile la kitambulisho. Herufi moja! Ilitugharimu kiapo kwa wakili, safari mbili za RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na mwezi mzima. Kwa hiyo hata kama mzazi wako ni mzima leo, toa vyeti sandukuni uangalie majina.

Kadi ilipotoka ililipia kusafisha damu. Kuchangisha hatukuacha, ila kiasi cha kutafuta kilishuka, na barua zetu zikawa na nguvu kwa sababu tuliweza kuandika bima inalipa hiki, sisi tunatafuta kile.

Usikubali jibu la "NHIF inalipa" au "NHIF hailipi" la jumla. Vitita, yaani orodha za huduma na bei ambazo bima inalipa, hubadilika. Kitita cha bei kilichoanza Machi 2024 kilizua mvutano mkubwa na hospitali binafsi, na wagonjwa ndio waliosimama kaunta wakihangaika. Peleka proforma kwenye ofisi ya NHIF iliyopo hospitalini au mkoani, uombe wakuoneshe mstari kwa mstari kipi kinalipwa, kipi kinahitaji kibali kabla, na kipi ni chako. Vifurushi vya kujiunga kwa hiari vina muda wa kusubiri kwa huduma kubwa, kwa hiyo kukata leo ili apasuliwe mwezi ujao usikutegemee. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Uliza ofisini kwa mtendaji wa kata kama utekelezaji wake umeshaigusa kaya yenu. Zanzibar wana mfuko wao, ZHSF, na Kenya tangu Oktoba 1, 2024 kazi ya NHIF yao imechukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii: huko asiye na ajira hupimwa kipato cha kaya, na mchango ni asilimia 2.75. Ukiwa Kenya hakikisha mzazi amesajiliwa na amelipiwa kabla ya siku ya kulazwa.

Kisha nenda ustawi wa jamii. Hospitali kubwa za Serikali zote zina ofisi hiyo, mara nyingi chumba kidogo mwisho wa korido chenye benchi refu nje. Afisa ustawi ndiye anayepima kama familia ina uwezo, na anaweza kupendekeza msamaha wa gharama wote, wa sehemu, au mlipe kidogo kidogo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo kwenye sera ya msamaha. Mama alikuwa na 58, akalikosa dirisha hilo kwa miaka miwili. Kama kaya iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, beba ushahidi wake.

Mjomba alitushauri twende na kandambili na nguo zilizofifia ili tuonekane. Tukaenda hivyo. Afisa alitusikiliza, akauliza kwa upole lile gari lililopaki chini ya mwembe ni la nani. Lilikuwa la mjomba. Semeni ukweli: kipato ni hiki, ardhi ni hii, watoto ni hawa, tumeshauza hiki. Afisa ustawi amesikia hadithi zote, na kazi yake inakuwa rahisi akiwa na namba. Uliza pia kama wakati huo kuna ruzuku ya Serikali au mfadhili anayelipia sehemu ya upandikizaji hospitalini hapo. Habari hizo huzijua wao kwanza.

Hatua ya tano: kikao cha familia na chombo cha kuhifadhi fedha

Watu watatu wanatosha: mwenyekiti, mweka hazina, na mtoa taarifa. Kamati ya watu kumi na mbili ni harusi.

Kabla hamjamwomba mtu wa nje, watoto na ndugu wa karibu watoe, na kiasi kiandikwe. Mtu wa kwanza mwenye fedha utakayemwendea atakuuliza, kwa maneno au kwa macho, "ninyi wenyewe mmetoa ngapi?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Atakayekuona umeubeba wako kwanza ataona uzito wake.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mcha Mungu. Fungueni akaunti ya benki yenye waweka saini wawili, au tumieni pochi ya kikundi kama M-Koba, ambamo kila mwanakikundi huona kilichoingia na kilichotoka. Mimi nilianza na laini yangu mwenyewe. Mwezi wa pili mama mdogo akaanza kuuliza mbona nimebadilisha simu. Simu ilikuwa ya mkopo kutoka kazini, lakini nani atakusikiliza? Tukafungua akaunti wiki ile ile.

Njia bora zaidi kwa mchangiaji mkubwa ni kumpa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontrolo namba. Hospitali za Serikali hutoa bili kwa namba hiyo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Mchangiaji analipa mwenyewe benki au kwa simu, fedha zinaingia hospitalini moja kwa moja, wewe hujazigusa. Ofisi mbili zilizokuwa zinasitasita zilitoa siku ile ile nilipowaambia wanaweza kulipa hivyo.

Hatua ya sita: barua

Ukurasa mmoja. Machozi yasizidi mistari miwili. Hii ndiyo tuliyoitumia baada ya kujifunza:

*YAH: OMBI LA MCHANGO WA MATIBABU YA MAMA YETU*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 58, mshonaji, ana ugonjwa sugu wa figo hatua ya tano na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Daktari bingwa ameshauri apandikizwe figo. Mtoto wake amepimwa na kukubaliwa kuwa mtoaji.*

*Gharama zote ni Sh. …, kama mchanganuo na proforma zilizoambatishwa zinavyoonesha. Bima inalipa Sh. … Familia imetoa Sh. … Pungufu ni Sh. …*

*Tunaomba mtuchangie Sh. … kabla ya tarehe … Mnaweza kulipa moja kwa moja hospitalini kwa kumbukumbu namba … au kwenye akaunti ya familia … Tutawaletea risiti na taarifa ya maendeleo ndani ya siku 14 baada ya upasuaji.*

*Endapo upasuaji hautafanyika kwa sababu yoyote, fedha zitakazobaki zitatumika kumsafisha damu, na zikizidi hapo zitapelekwa ustawi wa jamii wa hospitali kumsaidia mgonjwa mwingine wa figo.*

Aya ya mwisho iliwaudhi wazee wetu, wakasema tunamtabiria mama kifo. Nilisisitiza ibaki. Maana yake utaiona mbele.

Na uandike kiasi. "Chochote mlichojaliwa" humfanya mtu wa laki tano atoe elfu ishirini, na mtu wa elfu mbili aone aibu asitoe kabisa.

Hatua ya saba: nani wa kumwendea, na kwa kitu gani

Kazini kwako na kazini kwa ndugu zako, halafu SACCOS na vikoba. Walio kwenye kikoba cha mgonjwa mwenyewe mara nyingi wana mfuko wa jamii ulioandikwa kwenye katiba yao. Uliza kabla hujaomba.

Misikitini, nenda kwa imamu wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, kwa kuwa wengi hutoa zaka zao mwezi huo na hupanga mapema nani apewe. Masikini, mafukara na waliozidiwa na madeni wamo katika makundi manane ya wanaostahili. Makanisani, anza kwenye jumuiya ndogo ndogo. Sadaka maalumu ya Jumapili huja baada ya jumuiya kukushuhudia. Kote huko utaombwa zile zile karatasi.

Halafu kuna chama cha kufa na kuzikana. Karibu kila mtaa unacho. Mama alilipa kila mwezi kwa miaka kumi na tisa. Chama kina turubai, sufuria, viti, na fedha benki, na vyote vinamsubiri afe. Niliposimama kwenye mkutano wao na kuomba kiasi ambacho wangekitoa kwenye msiba wake kitolewe sasa akiwa hai, ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja akasema katiba hairuhusu. Mama muuza mkaa akajibu kwamba katiba waliiandika wenyewe, na kalamu bado wanayo. Walitukopesha, si kutupa, tukalipa kwa mwaka. Jaribu kwenye chama chenu. Mbaya zaidi watakataa, na watakaa wakifikiria.

Si kila mtu aombwe fedha. Aliye Dar aombwe chumba. Mwenye basi aombwe tiketi nne za kwenda na kurudi. Mwenye duka la dawa aombwe bei ya jumla. Mtu asiye na laki moja ya kutoa anaweza kuwa na kitanda.

Ndugu walio Marekani au Ulaya wanaweza kufungua ukurasa wa GoFundMe, lakini lazima anayefungua na akaunti ya benki inayopokea viwe katika nchi ambazo jukwaa hilo linazihudumia, na Tanzania na Kenya hazimo. Yule wa huko ndiye awe mbele, na aeleze wazi ataituma vipi. Kwa walio Kenya, M-Changa imekuwapo tangu 2012 na inapokea michango kwa simu. Kuhusu wabunge na wakuu wa wilaya, sitasema mengi: peleka barua, nakala yako isainiwe na kupigwa mhuri wa kupokelewa, fuatilia kila wiki mbili, na usipange bajeti ukiwategemea.

Hatua ya nane: sasa toa namba hadharani

Kwanza ruhusa ya mzazi. Taarifa za ugonjwa ni zake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosema hivyo, lakini hata bila sheria ni mama yako. Nilitaka kutumia picha yake akiwa kwenye kiti cha mashine, mrija shingoni. Alinitazama akasema, "Wateja wangu wakiniona hivyo watadhani nimeshakufa, watakuja kuchukua vitambaa vyao." Tukatumia picha yake akiwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni pahali pa mrija. Ilileta fedha kuliko ile ya hospitali tuliyorusha mwanzo. Watu walimchangia mshonaji wao.

Tangazo liwe na lengo, kilichopatikana, kilichobaki na tarehe. Namba ya simu na jina litakalotokea mtu akituma viandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu matapeli huchukua picha, hubadilisha maneno na kuweka namba yao. Yetu ilinakiliwa ndani ya siku nne. Kila Jumapili saa mbili usiku mtoa taarifa alituma mistari mitatu: imeingia, imetumika, salio. Wiki ambayo haikuingia hata senti alituma vilevile.

Atakayejitambulisha kuwa wa taasisi ya misaada na kukuomba "ada ya fomu" au "ada ya kufungua faili" ni mwizi.

Madeni ya kuogopa

Mkopo wa SACCOS, au wa kazini unaokatwa kwenye mshahara, unaujua mwisho wake. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, na wa programu za simu haujui mwisho, na watu wa programu hupigia hadi mwalimu wako wa darasa la nne. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Na nyumba ya mgonjwa msiiuze. Akipona atarudi wapi?

Kama daktari amesema India

Iwe ni kwa barua ya rufaa ya madaktari bingwa kupitia Wizara ya Afya, yenye sababu kwa nini haiwezekani hapa. Ndugu wa mitaani wakishauri India, hiyo si rufaa. Sheria ya India ya 1994 ni kali kwa wageni: mnakwenda na mtoaji wenu, mnapita mbele ya kamati ya kuidhinisha, na mnahitaji Fomu 21 ya kuthibitisha undugu, inayotolewa na ubalozi wa nchi yenu. Wengi hufika kule ndipo wanaambiwa, wakakaa wiki kadhaa wakilipa chumba na mashine. Visa ya matibabu ya mgonjwa na ya wasindikizaji ziombwe pamoja. Ongeza wiki kadhaa kwenye bajeti ya chumba kuliko mlizoambiwa.

Baada ya upasuaji

Fedha hukauka siku mgonjwa anapotoka wodini. Watu wameona picha anatabasamu, kwao kazi imekwisha. Wewe ndiyo kwanza umepewa karatasi yenye tacrolimus, mycophenolate na prednisolone. Tacrolimus huwa kila baada ya saa 12, na hairukwi kwa sababu hela haijapatikana. Figo ya ndugu inaweza kufanya kazi miaka 15 au 20. Inaweza pia kupotea ndani ya mwaka kwa kukosa vidonge. Usibadilishe aina ya kidonge kwa sababu duka lina ya bei rahisi bila daktari kujua, wala usimgawie wala kumwazima mgonjwa mwingine.

Sisi tuliweka kanuni tangu mwanzo: katika kila 10,000 iliyoingia, 2,000 ilikwenda kwenye akaunti ya dawa isiyoguswa kabla ya upasuaji. Ilitupa miezi saba. Kisha ndugu kumi waliahidi kiasi kidogo cha kila mwezi, na majina yao yamo kwenye ukurasa wake wa daftari. Dawa hununuliwa wiki mbili kabla hazijaisha, kwa kuwa kuna siku duka zima la jirani na hospitali halina.

Kuhusu ile aya ya barua. Upasuaji wa kwanza uliahirishwa, mama alipata maambukizi. Kwenye kundi la WhatsApp wakaanza: fedha ziko wapi, zirudishwe, au zitumike kwa nini. Nilipiga picha barua, nikazungushia aya ya mwisho kwa kalamu nyekundu, nikaituma. Mjadala uliisha saa ile ile. Miezi minne baadaye akapandikizwa, na salio lililobaki, Sh. 640,000, likahamishiwa kwenye akaunti ya dawa.